Ofisi ya Utarudi

Ikumbukwe, na vizazi vijavyo viambiwe, kwamba ni katika ukumbi wa mikutano wa mjini Garissa, chini ya feni tatu ambazo moja ilikuwa inazunguka, ndipo Serikali ilipozindua rasmi Idara ya Uhakika wa Marejeo. Waheshimiwa walikunywa soda. Kasisi aliomba, sheikh akaomba, kisha mjumbe kutoka makao makuu akaeleza kwa lugha nyepesi kazi ya idara hiyo mpya: kuhakikisha kwamba kijana yeyote wa Kaskazini Mashariki anayekwenda kusoma ng'ambo awe, kabla hajaondoka, amekwisha kurudi kimawazo, kimaandishi na kidhamana.

Tatizo lenyewe lilikuwa limefanyiwa utafiti. Kamati ya watu tisa ilizunguka Ulaya mwezi mzima ikichunguza ni kwa nini wanafunzi wetu wakifika huko hawarudi. Kamati ilirudi na watu sita. Wale watatu waliobaki walitajwa ndani ya ripoti kuwa ushahidi usiopingika, na marupurupu yao yakaendelea kulipwa.

Mkurugenzi wa idara alikuwa Bwana Murithi, mtu wa Meru. Alitumwa Garissa kushikilia nafasi ya mtu aliyekwenda likizo, wakati mtoto wake wa kwanza alikuwa hajaota meno. Mtoto huyo sasa ana ndevu, na yule mtu wa likizo bado anatarajiwa. Kila mwaka Murithi aliomba uhamisho. Aliomba kwa sababu ya kifua, akaomba kwa sababu ya macho, ya mama yake, ya mama mkwe wake, na mwaka mmoja aliishiwa na sababu akaomba kwa sababu ya ndoto. Hakuna mtumishi wa umma aliyeijua hamu ya kuondoka kama yeye, na ndiyo maana hakumwamini mtu yeyote anayeondoka. Alijijua. Angepewa ruhusa ya kuvuka daraja la Tana na mabegi yake, asingegeuza hata shingo.

Kwa hiyo uteuzi wake ulikuwa wa busara. Watu wa mtaani, ambao hawana muda wa majina marefu, waliiita idara yake Ofisi ya Utarudi.

Taratibu zilikuwa rahisi. Mwombaji alileta barua ya chuo, matokeo ya mtihani na pasipoti, akangoja juani ili uvumilivu wake kwa nchi yake uonekane, kisha akaingia kwenye Mahojiano ya Hamu. Kijana mmoja wa Mandera, jina lake Mowlid, aliyekuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi India, alihojiwa hivi:

"Wewe ukivuka mto Daua ukaenda kunywa chai upande wa Ethiopia, unarudi baada ya muda gani?"

"Nikimaliza chai, Mheshimiwa."

"Na kama chai ni tamu?"

Mowlid alisita. Kusita kwake kuliandikwa, na ombi likakataliwa.

Mwaka ulipoisha idara ilitangaza mafanikio ya asilimia mia moja. Hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja aliyekosa kurudi. Kwamba hapakuwa na aliyeondoka ni suala lililohusu idara nyingine.

Basi siku moja ya Agosti akaingia Sahro, binti wa mtaa wa Galbet. Alikuwa amepata nafasi katika chuo kimoja cha Uturuki, masomo ya uhandisi wa maji, chakula na malazi juu ya chuo. Lilibaki jambo moja tu: Cheti cha Marejeo, chenye muhuri wa Murithi. Asipofika huko kabla ya Septemba kwisha, nafasi yake ingepewa mwingine, na nafasi kama hiyo haiji mara mbili kwa mtoto wa mwenye kibanda cha chai.

"Keti," Murithi alimwambia. "Barua uliyowaandikia chuo nimeisoma. Ni nzuri sana. Hilo linatutia wasiwasi."

"Kwa nini, Mheshimiwa?"

"Mtu anayeandika vizuri hivyo hupendwa haraka. Akipendwa, anabaki huko."

Msaidizi wake Hesbon, mtu wa Kakamega asiyejua haraka, aliandika kwenye karatasi: anapendeka.

"Mimi nitarudi," Sahro alisema. "Kwetu Griftu, kijiji nilikolelewa, pampu ya kisima ilikufa, na mpaka leo tunangoja injinia atoke Nairobi. Wanawake wanaamka usiku kufuata maji. Mimi nataka niwe huyo injinia, ili watu waache kungoja."

"Kila mtu husema atarudi. Hata mimi ningekuwa..." Murithi alikohoa. "Idara inataka kitu kinachoonekana. Kitu kinachokufunga hapa. Una mume?"

"Sina."

"Hati ya shamba?"

"Mheshimiwa, hapa Galbet ni nani ana hati?"

"Inasikitisha," alisema Murithi, akaanza kuupapasa muhuri wa kukataa.

"Nina mnyama wa kitovu."

Mkono wa Murithi ulisimama. Sahro akaeleza. Kwao mtoto akizaliwa, siku anapofungwa kitovu, hutengewa mnyama, na mnyama huyo na uzao wake wote ni mali ya mtoto huyo mpaka siku anapozikwa. Wengi huwapa wavulana tu, lakini ayeyo wake, yaani nyanya yake, hakumuuliza mtu. Alimtengea ngamia jike. Ngamia huyo alishakufa, lakini binti yake yupo Griftu, anaitwa Barwaqo.

"Mtu hatupi mnyama wake wa kitovu," Sahro alisema. "Ni kama kujitupa mwenyewe."

Murithi alifikiri upesi. Griftu ni mbali, barabara ni mbaya, na hajazaliwa bibi kizee wa kumtoa ngamia wake malishoni amlete ofisini. Hapo akaona njia ya kukataa bila kukataa, ambayo ndiyo kilele cha utumishi wa umma.

"Vizuri," alisema. "Dhamana hiyo iletwe hapa. Yenyewe, nzima, na miguu yake yote."

Jioni hiyo aliketi akatunga Kanuni za Dhamana Hai. Zilikuwa tamu kuzisoma. Kifungu cha saba kilianzisha cheo cha Mhifadhi Mkuu wa Dhamana Hai, chenye marupurupu yake, na kikaagiza kwamba Mhifadhi hatatengana na dhamana kwa sababu yoyote ile mpaka mwenyewe atakaporejea na kuipokea.

Hesbon alikisoma mara mbili. "Bosi, Mhifadhi ni wewe?"

"Ulitaka marupurupu apewe nani?"

Makao makuu yalizipitisha kanuni hizo bila kupoteza muda, kwa kuwa yalisoma ukurasa wa kwanza tu, na kifungu cha saba kilikuwa ukurasa wa tatu.

Wiki haikuisha. Lori la mifugo lililokuwa likienda soko la Garissa lilipinda kona likasimama mbele ya Ofisi ya Utarudi, likateremsha ngamia mmoja mweupe mwenye shingo ya dharau, wazee wawili wenye fimbo, na bibi mwembamba aliyekuwa amekaa siku nzima juu ya magunia bila kuonyesha kuchoka. Huyo ndiye Weris, ayeyo wa Sahro.

"Mkubwa ya ofisi ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi, mama."

"Wewe ndio unasema Sahro hatarudi?"

"Serikali ndiyo inayosema, mama. Mimi nauliza tu."

Weris alimtazama kutoka viatu mpaka kipara. "Shika kamba."

"Kamba atashika askari wa lango."

"Askari ndio alisema Sahro hatarudi?"

Murithi akaishika kamba. Barwaqo akamnusa sikio.

"Sasa sikia," alisema Weris. "Kwetu mtu akishika ngamia ya mtoto, habeani kwa mtu mwingine. Habei ndugu yake, habei bibi yake ya nyumbani. Anangoja mwenyewe mbaka arudi, anamrudishia kwa mkono hii. Umekubali?"

Murithi alikuwa amehudhuria sherehe nyingi, na alijua kwamba katika sherehe mtu hukubali kila kitu ili chakula kiletwe. "Nimekubali kabisa," alisema.

Wazee wakainua mikono, wakasoma Fatiha, wakajipangusa nyuso. Hesbon naye akasema amina, kwa adabu.

"Amenenepa vizuri," Murithi alisema, akimpapasa Barwaqo tumbo kama mtu anayejua mifugo.

"Ameshiba," alisema Weris.

Cheti kikagongwa muhuri, cha kwanza katika historia ya idara. Siku ya safari Sahro alikuja alfajiri, akaweka paji la uso wake kwenye shingo ya Barwaqo akalia bila kujali nani anamwona. Weris hakulia. Alimsomea dua, akampa kopo la nyirinyiri, ile nyama ya kukaangwa isiyoharibika njiani, akamwambia asilale karibu na dirisha. Basi lilipovuka daraja na kupotea upande wa Nairobi, bibi huyo alikaa chini kando ya barabara akalia kwa sauti, akaona haya, akalia tena. Alikuwa amemlea Sahro tangu utotoni, na hakujua kama umri aliobakiwa nao ungetosha kumngoja. Murithi, kamba mkononi, alilitazama daraja lile akaona wivu, wivu wa kweli wenye kuuma, kwa kuwa huyo aliyevuka hakuwa yeye.

Hapo ndipo utunzaji wa kitaalamu ulipoanza. Meru mtu hufuga ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi: humjengea kibanda, humletea majani, humkamua asubuhi na jioni, na ng'ombe husimama hapo hapo maisha yake yote bila malalamiko. Murithi hakuona kwa nini ngamia awe na tofauti. Akaagiza kibanda cha mabati. Akaagiza majani ya nepia kutoka kwao, yakaletwa na lile gari la miraa liendalo mbio kuliko ambulensi, juu ya magunia, mabichi kabisa.

Barwaqo aliyanusa yale majani. Kisha akayalalia.

Siku iliyofuata alikula ua la maua mbele ya ofisi. Akala kivuli cha waombaji, yaani ule mti waliokuwa wakiukimbilia askari asipoangalia. Akala mti uliopandwa na waziri, akaacha kibao chenye jina la waziri kikiwa kimesimama peke yake kwenye vumbi.

"Bosi," Hesbon aliripoti, "dhamana imekula pazia la chumba cha mahojiano."

"Andika kwamba uwazi umeongezeka," alisema Murithi.

Asubuhi moja Hesbon akaripoti tena. "Bosi, dhamana imezaa."

Murithi alitoka mbio. Nyuma ya kibanda cha mabati alisimama ndama mwenye miguu mirefu kupita akili yake, akijaribu kuelewa ardhi. Taarifa ilikwenda Nairobi kwamba dhamana iliyo mikononi mwa idara imekua kwa asilimia mia moja, na makao makuu yakajibu kwamba hakuna amana nyingine ya Serikali iliyowahi kufanya hivyo. Ndipo pia Murithi akajifunza kwamba ngamia hamwachii maziwa mtu asiyemzoea. Barwaqo alimzoea yeye. Hesbon alipojaribu, alirushiwa teke lililomfikisha kwenye kaunta ya mapokezi.

Kusema kweli maziwa yalikuwa mazuri. Murithi alinawiri, kifua kikapona, na alipoyatafuta maradhi ya kuombea uhamisho mwaka huo hakuyaona.

Na ndio mwaka huo simu ilipolia.

"Mkurugenzi, hongera," alisema Wahu, ofisa wa watumishi pale makao makuu. "Kwa sababu ya ile dhamana yako, umepandishwa cheo. Unakwenda Meru."

Murithi aliingia chooni, akafunga mlango, akalia. Alitoka akiwa mtu mwingine, mpole, mwenye kusalimia wafagizi. Godoro alimpa askari wa lango. Jokofu alimpa Hesbon. Alimpigia mkewe, na mkewe akasema angeanza kuondoa kuku kwenye chumba cha kulala. Ikafanywa karamu ya kumuaga, mbuzi akachinjwa, na Hesbon alikuwa katikati ya hotuba, pale mahali pa kusema pengo lisilozibika, simu ilipolia tena.

"Mkurugenzi, kuna kifungu cha saba," alisema Wahu.

"Kifungu cha saba cha nini?"

"Kanuni za Dhamana Hai. Mhifadhi hatatengana na dhamana mpaka mwenyewe arejee. Tumekiona leo, mtu alikuwa anatafuta karatasi ya kufungia mandazi."

"Ni nani aliandika upuuzi kama huo?"

"Sahihi ni yako."

Nyama ilipoa. Murithi akamvuta Hesbon pembeni akampa heshima kubwa ya kumteua Mhifadhi papo hapo.

"Bosi, mimi nilisema amina tu," Hesbon alisema. "Aliyeshika kamba mbele ya wazee ni wewe. Na huyo mnyama ananijua kwa teke." Akamtazama kwa huruma ya mtu aliyekwisha kupata jokofu. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Yako umeisuka mwenyewe, ukaipigia na chapa."

Murithi akaenda kwa Weris, aliyekuwa amekuja mjini kumwona ndama. Alimwomba, kwa sauti ambayo idara haikuwahi kuisikia, amwondolee ngamia wake.

"Si yangu," alisema Weris. "Ni ya Sahro. Ulikubali kabisa. Mimi nilisikia, wazee walisikia, Mungu alisikia."

Akampigia Sahro. Uso wa binti ukatokea kwenye simu, umefungwa skafu mbili na kofia juu yake, na nyuma yake dirishani palikuwa peupe.

"Binti yangu," alisema Murithi, "nyumbani hukumbuki?"

"Nakumbuka sana, Mheshimiwa. Ijumaa huwa nalia."

"Basi njoo. Hata wiki moja. Ushike kamba tu, kisha uende zako."

"Nikiondoka sasa chuo kitanifuta. Na mwaka huu wa kwanza ni wa Kituruki peke yake, ili nielewane na mwalimu. Uhandisi wenyewe ni miaka minne baada ya hapo."

Murithi aliketi juu ya jiwe. Ndama akaja akaanza kumnyonya kidole.

"Na ukimaliza, utarudi?" aliuliza. Swali hilo alikuwa amewauliza watu wengi, na hii ndiyo mara ya kwanza aliyotaka kwa moyo wake wote ajibiwe ndiyo.

"Nitarudi."

"Nitajuaje?"

"Si nimekuachia ngamia."

Lakini mtu hafiki cheo cha ukurugenzi kwa kukata tamaa. Uwanja wa ofisi ulikuwa umeliwa wote, hata kibao cha waziri kilikuwa kimeanza kutafunwa pembeni, na hapo Murithi akaona mwanya. Angempeleka Barwaqo Griftu kwa ajili ya malisho, amfunge karibu na nyumba ya Weris, aende msalani, na safari ya msalani iishie Meru. Akaandika makao makuu kuomba uhamisho wa dhamana kwa sababu za lishe.

Makao makuu, yaliyokaa miaka yote hiyo bila kumjibu hata kuhusu ile ndoto, yalimjibu upesi na kwa furaha. Ombi limekubaliwa. Kwa mujibu wa kifungu cha saba, Mhifadhi anahamishwa pamoja na dhamana. Ofisi Ndogo ya Griftu inafunguliwa, na yeye ndiye mkuu wake, karani wake na tarishi wake. Nafasi ya Meru imejazwa. Idara inamtakia kila la heri, na inapenda kumkumbusha kwamba hakuna tena sababu ya kuendelea kuomba uhamisho, kwa kuwa sasa ameupata.

Hesbon alikalia kiti cha ukurugenzi, na kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kufugia ngamia mwingine, aligonga muhuri vyeti vyote vilivyokuwa vimerundikana, cha Mowlid kikiwa juu. Hakumuuliza mtu kama atarudi. Alisema swali hilo lina teke.

Lori lililoelekea kaskazini lilimbeba Murithi nyuma, kati ya Barwaqo na ndama, akiegemea begi lake. Waombaji walipanga mstari kumuaga. Hakuna aliyecheka mpaka lori lilipopinda kona.

Griftu alipokewa vizuri, maana watu wa huko hawana ubaya na mgeni. Weris alimpa fimbo, kibuyu cha kukamulia, na kitambaa cha kichwani kwa ajili ya kipara. Alimwonyesha upande wa kuchungia na upande wa kuepuka. Ofisi Ndogo ilikuwa chumba cha bati kando ya kisima kile kilichokufa pampu, kwa hiyo Mhifadhi Mkuu naye akawa anaamka usiku kufuata maji pamoja na wanawake, na kama wao akawa anauliza huyo injinia anafika lini.

Ijumaa moja Sahro alipiga simu. Weris alizungumza naye kwa Kisomali, akacheka, akamuulizia baridi, akamwambia habari za ndama. Murithi alikuwa hatua chache kutoka hapo, amechuchumaa chini ya Barwaqo, kibuyu juu ya goti, maziwa yakivuma. Alisikia neno la mitihani, akasogea. Weris akamwona. Akaendelea kwa Kiswahili, ili mwenye kuhusika asikie.

"Hapana, Sahro. Haraka ya nini?" alisema. "Soma bolebole. Ukitaka digrii ya pili, soma na hiyo. Ngamia iko na mtu."